Usianze na vitanzi 112! Bendi ya masikio iwe ndogo kuliko kichwa

Mleta mada unayetaka kufuma bendi ya kufunika masikio wakati wa baridi, weka sindano za kufumia chini kwanza. Umesema kichwa chako kina mzunguko wa sentimita 56, maelezo ya ufumaji uliyopata yanasema vitanzi 20 (vile vijicho vya uzi kwenye sindano) ni sentimita 10, kwa hiyo leo unaanza na vitanzi 112. Hiyo bendi haitakaa kichwani. Nimepitia hesabu hiyo hiyo na najua inakoishia.

Kofia inashikwa na utosi. Bendi iko wazi juu na chini, kinachoishikilia ni kubana tu. Ikilingana na kichwa, mbele ya kioo utaiona imekaa vizuri kabisa. Toka nje sasa, geuza shingo mara mbili tatu, funga skafu: ukingo wa chini unapanda taratibu nyuma ya sikio, ndewe inabaki nje, na upepo unapenya kwenye uwazi ule ule uliofumia bendi ili kuuziba. Unaivuta chini, inapanda tena. Siku nzima mkono uko kichwani.

Kwa hiyo toa sentimita 6 hadi 8 kwenye kipimo cha kichwa kabla hujapiga hesabu yoyote. Kichwa cha 56 kinataka bendi ya 48 hadi 50. Ukichukua 48, na kama kweli unapata vitanzi 20 kwa sentimita 10, unaanza na 96. Hizo 96 zinagawanyika kwa 4, kwa hiyo zinakubali ule ufumaji wa vitanzi viwili vya mbele, viwili vya nyuma, unaotoa mistari iliyosimama kama kwenye ncha za mikono ya sweta. Ukiishika mkononi utaona ni ya mtoto, utaogopa. Usiongeze hata kitanzi kimoja. Ufumaji huo unavutika sana kwa upana, na ile hamu yake ya kurudi ndiyo inayobana masikio yakapata joto.

Sasa sikiliza hapa kwenye “kama kweli”, maana hapa ndipo nilipoingizwa hasara. Maelezo niliyonunua yalisema: pima kichwa, zidisha, anza. Basi. Hakuna palipoandikwa bendi iwe ndogo, hakuna palipoandikwa fuma kipande cha majaribio ukifue. Mkono wangu ni mlegevu. Kwa sindano zile zile za milimita 4 na uzi ule ule waliotaja, napata vitanzi 18 pale wao wanapopata 20. Vitanzi 112 vikanipa sentimita 62! Sita zaidi ya kichwa chenyewe. Na uzi ulikuwa wa moheri, yale manyoya ya mbuzi wa Angora, uliochanganywa na sufu, bei yake unaijua. Moheri ukiufuma, manyoya yake yanashikana kitanzi kwa kitanzi, hivyo kufumua ni kuvuta, kukwama, kukata kwa mkasi, kuvuta tena. Nilibaki na vipande vifupi visivyofaa hata kushonea kifungo. Mpaka leo nikiona mtu anauza maelezo ambayo hajayavaa mwenyewe kwenye baridi, damu inachemka. Mwanafunzi hawezi kujua kilichoachwa. Anayejua ni yule aliyeandika, na fedha ameshapokea.

Fanya hivi. Fuma kipande cha upana wa sentimita 15 hivi, kwa uzi wenyewe, sindano zenyewe na ufumaji ule ule utakaotumia kwenye bendi. Kiloweke kwenye maji ya uvuguvugu, kikunje ndani ya taulo ukikandamize bila kusokota, kitandaze, na ukiache kikauke kabisa. Kisha weka rula katikati, mbali na kingo, bila kukivuta, uhesabu vitanzi vya sentimita 10. Namba hiyo ndiyo yako. Ile ya kwenye maelezo ni ya mkono wa mtu mwingine.

Kufua si mapambo. Sufu iliyotengenezwa ili ivumilie mashine ya kufulia imeondolewa magamba ya unyoya, au yamefunikwa, ili isijikunyate ikagandamana. Magamba hayo hayo ndiyo yanayofanya nyuzi zishikane, kwa hiyo zikilowa zinateleza na kipande kinatanuka mbele ya macho yako. Muuzaji aliniambia uzi wote ni sawa, chagua rangi tu. Si sawa hata kidogo! Pamba ikishavutika inachelewa kurudi, na bendi inayoishi kwa kubana haiwezi kuitegemea. Sufu ya kawaida inarudi.

Jambo jingine ambalo maelezo yako yamelipita kimya: mwelekeo. Hesabu hii yote ni ya kufuma kwa mduara. Ukiamua kufuma utepe mrefu kisha ushone ncha mbili, ule ufumaji wa viwili kwa viwili utavutika kutoka paji la uso kwenda utosini, wakati wewe unataka uvutike kuzunguka kichwa. Kwa utepe fuma vitanzi vya mbele tu kila mstari, maana huo unavutika vizuri kwa urefu.

Upana wa sentimita 10 unafunika sikio la mtu mzima. Ukitaka joto zaidi, fuma wa 20 uukunje mara mbili, hewa inayobaki katikati inasaidia sana. Wakati wa kufunga vitanzi mwishoni ili visifumuke, tumia sindano kubwa zaidi, ukingo usije ukakata paji la uso.

Fua kipande chako leo, kikikauka andika hapa umepata vitanzi vingapi na ni uzi gani. Nitapiga hesabu pamoja nawe kabla hujaanza.