Sindano ya "kuamsha ubongo" kwa watoto wa mbuzi

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nafuga mbuzi huku Gilgil. Watoto wawili wa msimu huu walizaliwa wazima, wakanyonya vizuri, lakini walipofika wiki ya tano miguu ya nyuma ikaanza kuyumba. Mmoja sasa anakaa kama mbwa, ingawa macho yake yako mang'avu na bado ananyonya. Muuza dawa anayepita na pikipiki ananiuzia sindano ya kichocheo cha ukuaji, chupa shilingi 2,500. Anasema ni protini inayoamsha ubongo, imeshajaribiwa kwa panya wachanga maabara. Nimdunge? Na wanaozaliwa baadaye niwakinge nayo?

JIBU: Usimdunge yeyote. Chupa mrudishie mwenyewe.

Swali lako halinichoshi. Kinachonichosha ni imani kwamba kitu kikikuza, basi kikiongezwa kitakuza zaidi. Hao panya kweli wapo. Mwaka 1962 Mmarekani Stanley Cohen alieleza protini aliyoitoa kwenye tezi za mate za panya. Wachanga waliodungwa walifumbua macho siku ya 6 au 7 badala ya 12 hadi 14, na meno yakawahi kuota. Kazi hiyo ilimpatia tuzo ya Nobel mwaka 1986, pamoja na Rita Levi-Montalcini. Wa pikipiki anaishia hapo. Hakwambii kuwa panya haohao walidumaa mwili.

Tena hakwambii ya Niigata, Japani. Huko watafiti waliwadunga panya wachanga protini hiyohiyo, EGF, chini ya ngozi tu. Ikafika kwenye ubongo na kuvuruga seli zinazotengeneza dopamini, kemikali ambayo bila yake mnyama hawezi kuongoza mwendo wake. Sindano zikaachwa, panya wakakua. Walipokomaa ndipo kasoro ikajitokeza: kwa kawaida panya akisikia sauti hafifu kabla ya kishindo hushtuka kidogo tu, lakini hawa walishtuka kupita kiasi. Watafiti waliwatumia kama mfano wa skizofrenia, ugonjwa wa akili wa binadamu! Ubongo mchanga hujitengenezea vichocheo hivi wenyewe, mahali pake, kwa saa yake. Ukimwaga vya nje, hujui unamjenga mnyama gani.

Sasa tuje kwa mbuzi wako. Miguu ya nyuma kulegea baada ya wiki kadhaa huku mtoto ni mchangamfu, tena Bonde la Ufa: mimi nashuku upungufu wa madini ya shaba. Bila shaba, ala ya mafuta inayofunika neva za uti wa mgongo haijengeki sawasawa. Kimeng'enya kinachogeuza dopamini kuwa noradrenalini, kemikali nyingine ya neva, nacho hukosa nguvu, na kwenye ubongo wa wanakondoo wenye ugonjwa huu dopamini yenyewe imekutwa imepungua. Kwa hiyo kemia ya ubongo imeharibika kweli, ila chanzo ni malisho ya mama alipokuwa na mimba. Mara nyingine shaba imo ardhini, lakini madini mengine, molibdenamu na salfa, huifunga tumboni isitumike.

Huyo anayekaa kama mbwa, siwezi kukuahidi kitu. Neva zilizoharibika hazirudi. Mwenzake huenda akatulia hapo alipo akipewa shaba mapema. Lakini usikimbilie dukani kununua shaba kwa kubahatisha, hasa kama una kondoo zizi moja: shaba ikizidi kidogo tu huwaua. Kwanza wapapase viungo na kitovu, maana usaha wa kitovu nao hulegeza miguu.

Na hili nawaambia wote, wa ndama na wa nguruwe pia. Protini za namna hii hukaa kwenye baridi, hupimwa kwa mikrogramu. Chupa iliyozunguka juani kwenye pikipiki, isiyotaja jina la protini wala nambari ya usajili ya VMD (mamlaka ya dawa za mifugo), ni maji yenye vijidudu, na mchanga mwenye kinga ndogo atapata jipu au kifo. Vichocheo salama kwa mchanga vimo kwenye dang'a: ina insulini na IGF-1 (protini nyingine ya ukuaji) kwa wingi kuliko maziwa ya baadaye, na kazi yake kubwa huifanya kwenye utumbo. Anywe saa za kwanza, ashibe. Mwaka hadi mwaka naona watu wanakamua dang'a na kuimwaga, kisha wananunua chupa.

Mwite daktari wa mifugo atoe damu ya mama zao na ya watoto, ipelekwe maabara ya mifugo Nakuru. Mtoto akifa, usimzike: ini na uti wa mgongo vitatoa jibu, na mbuzi wenye mimba sasa ndio watakaofaidika nalo.