Maswali yenu ya mbio: pumzi, viatu vya Owino na kelele za stendi

Tangu nisimulie katika safu hii jinsi nilivyoanza kukimbia nikiwa na miaka 43, hapa Walukuba, Jinja, maswali hayajakauka. Mimi si kocha wala daktari. Nina miaka miwili ya mbio, makosa mengi na medali moja, ile ambayo hupewa kila anayemaliza. Leo najibu sita.

Nikikimbia kutoka nyumbani hadi kwenye transfoma, mita kama 300, pumzi inakata na mbavu zinachoma. Je, mapafu yangu ni mabovu? (Fundi seremala, Mbale)

Fundi, kama huna pumu wala ugonjwa wa moyo, sidhani mapafu yana kosa. Unakwenda kasi mno. Najua utabisha, maana hata mimi nilibisha. Siku yangu ya kwanza nilitoka mbio kama mwizi aliyeonwa, nikafika penye reli, nikashika magoti nikihema, na mama muuza mandazi akaniletea kigoda. Kigoda! Dakika tatu zilikuwa hazijaisha.

Wala si sisi wageni wa mbio tu tunaoponzwa na hili. Machi 2017 mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika Kampala, pale Kololo. Mganda mwenzetu Joshua Cheptegei alichomoka akawaacha wenzake, watu wakapiga vigelegele, kisha kwenye mzunguko wa mwisho miguu ikamgomea huku kila mtu akitazama. Alimaliza wa 30, na dhahabu ikaenda kwa Mkenya Geoffrey Kamworor. Ni Cheptegei huyo huyo aliyekuja kuweka rekodi ya dunia ya mita 5,000 mwaka 2020, kwa dakika 12 na sekunde 35.

Basi anza hivi: kimbia dakika moja, tembea mbili, rudia mara nane. Mara tatu kwa wiki zinatosha, na siku ya kupumzika iwe katikati. Kila wiki refusha kidogo muda wa kukimbia. Kasi yako ipime kwa mdomo: uweze kutamka sentensi nzima bila kukatwa na pumzi. Mimi nilikuwa nikitaja bei za sokoni kwa sauti, nyanya, vitunguu, mukene, na nikishindwa kumaliza orodha napunguza mwendo. Majirani walidhani nimerukwa na akili. Wiki ya tisa nilikimbia nusu saa bila kusimama, nikapita kwa yule mama wa mandazi nikampungia mkono.

Viatu vipya vinanishinda bei. Naweza kununua vya mtumba katika soko la Owino? (Mwanafunzi, Kampala)

Unaweza. Jozi zangu zote mbili zimetoka huko. Ila usidanganywe na weupe wake, kwa sababu wauzaji wanajua kuosha, na kiatu cha mbio huzeeka tumboni kabla hakijazeeka usoni. Kile kispongi cha chini ndicho unachonunua. Kibonyeze kwa kidole gumba: kikiwa kigumu kama ubao, au kikibonyea kisirudi, kimekufa. Kigeuze uone kisigino. Kisha kiweke mezani na ukitazame kwa nyuma. Kikiinama upande mmoja, mwenyewe wa zamani amekuachia mwendo wake, na goti lako ndilo litakaloulipia. Kikunje pia. Kinatakiwa kukunjika penye vidole, si katikati kama chapati.

Halafu kuna gundi. Kiatu kilichokaa stoo miaka mingi huonekana kipya kabisa, kumbe gundi imekauka. Jozi yangu ya kwanza ilikuwa hivyo. Wiki ya pili soli ya kulia iliniaga njiani, nikarudi nyumbani kwa boda, soli nimeikumbatia kama mtoto. Siku hizi nikinunua tu, namtafuta fundi viatu azungushe mshono kabla sijakimbia hata hatua moja.

Nenda jioni, kwa sababu mguu huwa umevimba kidogo baada ya kutwa nzima. Beba soksi zako. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba, la sivyo kucha zitakuwa nyeusi. Kiatu kipya huhesabiwa kudumu kati ya kilomita 500 na 800. Cha mtumba hujui kimekula ngapi, basi miguu ikianza kulalamika bila sababu, shuku kiatu kwanza.

Nina watoto watatu na navaa hijabu. Vijana wa stendi ya boda wananipigia kelele kila asubuhi. Mume wangu anashauri nikimbie usiku. (Mama, Arua)

Dada yangu, usiku hapana. Mpe shemeji salamu zangu, lakini hapana. Kuna boda zisizo na taa, mashimo, mbwa, na mengine unayoyajua kuliko mimi. Huku kwetu jua halibadiliki sana mwaka mzima, huchomoza kwenye saa moja kasoro au saa moja kamili. Toka kukipambazuka, na ukimbie upande wa kulia wa barabara. Magari yetu hupita kushoto, hivyo yatakayokukaribia utayaona kwa macho badala ya kuyasikia mgongoni.

Kuhusu mavazi nilimuuliza jirani yangu anayekimbia na hijabu. Anasema achana na pini, vaa ile ya kushonwa ya kuingiza kichwani, kitambaa chepesi kinachokauka upesi, na kanzu fupi juu ya suruali pana. La kwangu mimi: sidiria inayoshika sawasawa. Afadhali ubane matumizi kwenye kiatu kuliko hapo.

Hizo kelele nazijua. Mimi waliniita "mchakamchaka", na kwa Uganda neno hilo linakumbusha kambi za mafunzo ya siasa, kwa hiyo kila siku niliulizwa bunduki yangu ya mti iko wapi. Nilikasirika mwezi mzima. Kisha nikaanza kuwawahi mimi kwa salamu, mmoja mmoja, kwa majina yao. Wengi wao ni watoto niliowaona wakikua. Kelele zilipungua, na sasa mmoja hunitunzia chupa ya maji. Siahidi kwamba kwako itakuwa hivyo. Kuna stendi za watu wabaya. Kwa hizo badili njia, au mtafute mwenzako mkimbie kwenye uwanja wa shule.

Mimi ni askari wa zamu. Mfupa wa mbele ya mguu, chini ya goti, unauma nikikimbia. Nivumilie? (Gulu)

Usivumilie, afande. Huo ni muundi, na kwa kawaida huuma mtu akiongeza mbio haraka kuliko mfupa unavyozoea, hasa juu ya lami na kwa kiatu kilichochoka. Pumzika wiki moja au mbili, tembea tu, kisha rudi kwenye murramu, yaani barabara ya udongo, na umbali wa nusu. Ila ukigusa ukakuta maumivu yamekusanyika mahali pamoja padogo, au yanakuamsha usingizini, nenda hospitali. Huenda ni ufa kwenye mfupa, na ufa hautibiwi kwa ushujaa.

Nile rolex kabla ya kukimbia? (Jinja)

Baada. Kabla, ndizi moja na maji. Mayai na chapati tumboni ndiyo hicho kichomo cha mbavu anachokilalamikia fundi wa Mbale, nadhani.

Nina miaka 61 na presha. Nakimbia kilomita 4 kwa taabu, na nimejiandikisha kilomita 10 za Kampala mwezi Novemba, wiki 12 kutoka sasa. Wajukuu wanacheka kwamba natembea kuliko ninavyokimbia. (Mzee mstaafu, Busia)

Mzee wangu, heshima kwako. Kwanza kliniki: wapime presha, uwaambie unachotaka kufanya, na dawa usiache. Kifua kikibana au kizunguzungu kikija njiani, simama hapo hapo.

Wakikuruhusu, ongeza nusu kilomita kila Jumapili. Kwa Jumapili kumi utafika 9, na kilomita ya mwisho watu wa kando ya barabara watakusukuma kwa kelele. Siku nyingine za wiki kimbia fupi na nyepesi, na wiki ya mwisho pumzika. Kumbuka Busia ni tambarare na Kampala ni vilima. Tafuta mteremko wowote ulipo uupande mara kadhaa, kwa kutembea.

Wajukuu waambie kuhusu mimi. Kilomita zangu 5 za kwanza nilizimaliza kwa dakika 41. Cheptegei angekuwa amezikimbia mara tatu na anaoga. Novemba nitakuwepo, nyuma kabisa, kofia ya njano. Ukiniona kwenye kilima natembea, karibu tupande pamoja, unieleze habari za Busia.