Maswali ya Wasomaji: Obijekti inayofagiliwa kabla ya wakati

SWALI: Ndugu mhariri, nipo Iyunga, Mbeya. Nimehamisha klasi ya kupimia muda wa ukurasa, mfano wa PerformanceTiming ya Chromium (msimbo wazi ambao Chrome hujengwa juu yake), kutoka kuhesabu marejeo kwenda Oilpan, mkusanya taka wake anayefagia obijekti zisizoshikwa tena. Inakompaili vizuri, lakini nikifungua upya ukurasa mara tano au sita, kivinjari kinakufa. Kosa liko wapi?

JIBU: Anza na Trace, kitendaji kinachomwonyesha mkusanya taka vitu vinavyoshikwa na klasi yako. Klasi iliyorithi GarbageCollected (klasi ya msingi ya obijekti za Oilpan) inatakiwa kutaja kila Member yake, yaani pointa ya Oilpan, ndani ya Trace, kisha kuita Trace ya klasi mama kama inayo. Member isiyotajwa haionwi na mkusanya taka. Kilichoshikwa na Member hiyo peke yake huhesabiwa taka na kufagiliwa, nawe ukabaki na pointa inayoelekea pasipo na mwenyewe. Ndiyo sababu kivinjari hakifi papo hapo. Kinangoja zamu ya ufagiaji.

Kinachotushangaza ni kwamba imekompaili. Programu-jalizi ya Clang (kompaila ya C++) inayotumiwa na Chromium hulikataa kosa hili, na hata pointa ya kawaida ya C++ iliyowekwa mahali pa Member. Huenda umeizima: kwenye args.gn, faili la mipangilio ya ujenzi, andika clang_use_chrome_plugins=true. Ongeza is_asan=true (kigunduzi cha makosa ya memori), washa content_shell, kivinjari kidogo cha majaribio, kwa --js-flags=--expose-gc, kisha uite gc(), yaani ufagiaji wa lazima, ndani ya ukurasa badala ya kungoja bahati. Ripoti ikisema use-after-poison, yaani memori iliyokwisha kufagiliwa imeguswa, umelinasa kosa.

Usikimbilie Persistent ili kitu kisipotee. Persistent ni mzizi, yaani mkusanya taka huanzia hapo kuhesabu vilivyo hai. Dirisha linashika Performance, Performance inashika obijekti ya muda. Hiyo nayo ikilishika dirisha kwa Persistent, mnyororo mzima hauachiliwi hata mtumiaji akihamia ukurasa mwingine. Ni uvujaji uleule wa memori uliokuwa unaukimbia kwenye kuhesabu marejeo. Kwa Member, mzunguko kama huo hauna neno.

Ndani ya destrakta (kitendaji kinachoitwa obijekti inapofutwa) usiguse obijekti nyingine ya Oilpan, kwa kuwa mpangilio wa kufagia haujulikani na jirani huenda ameshaondoka. Kama kuna cha kufunga, tumia USING_PRE_FINALIZER, makro inayokuwezesha kukifunga kabla ya ufagiaji. Na fremu ikishang'olewa, navigationStart (muda safari ya ukurasa ilipoanza) irudishe 0, isilitafute dirisha ambalo halipo.

SWALI: Huku Mafinga, kushusha msimbo wote wa Chromium kunanimalizia bando. Hakuna njia nafuu?

JIBU: Tumia fetch --no-history chromium, huacha historia ya mabadiliko yote ya nyuma. Hata hivyo mzigo bado ni mkubwa: tenga GB 100 za diski. RAM ya GB 8 ndiyo ya chini kabisa, na ujenzi utakuwa wa kujikokota. Zaidi ya 16 ndiyo ya kazi. Umeme ukikatika wakati wa kujenga, rudia amri ileile ya kujenga, autoninja, itaendelea na faili zilizobaki. Ukikatika wakati wa kushusha ndipo pagumu, maana git haiendelezi kloni iliyoishia njiani. Shusha usiku, na hazina kuu ikishaingia, yaliyosalia malizia kwa gclient sync, amri inayoshusha misimbo tegemezi.