Gari Langu ni la Magurudumu Manne: Mbona Limeteleza?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni muuguzi, ninaishi Brooklyn Park, Minnesota, na huu ni msimu wangu wa pili wa baridi tangu nitoke Kisii. Mwezi wa Oktoba niliuza gari langu dogo nikanunua gari kubwa lililotumika, linalosukumwa na magurudumu yote manne, kwa sababu muuzaji alinihakikishia kwamba mwenye gari la aina hiyo hana haja ya matairi ya theluji. Wiki iliyopita nikitoka zamu ya usiku, taa ziligeuka nyekundu, nikakanyaga breki, pedali ikaanza kutetemeka na kunguruma chini ya mguu, na gari likaserereka taratibu mpaka katikati ya makutano. Namshukuru Mungu hapakuwa na gari lingine. Je, mfumo wa magurudumu manne umeharibika? Binamu yangu ananishauri nipunguze upepo kwenye matairi na niweke magunia ya mchanga kwenye buti. Mume wangu anasema breki zikanyagwe kwa kudonoadonoa. Nimsikilize nani?

JIBU: Dada, pole kwa mshtuko. Kwa maelezo uliyonipa, gari lako si bovu. Hata ule mtetemo uliousikia mguuni ulikuwa kazi ya kifaa kinachozuia magurudumu yasifunge (ABS), ambacho huachia na kushika breki mara nyingi ndani ya sekunde moja, kwa haraka ambayo mguu wa binadamu hauwezi kuifikia. Kilichokosekana ni tairi la kushika barabara. Muuzaji alikusifia namna gari hilo linavyoondoka, wewe ukadhani amesifia namna linavyosimama, na kila mwaka, theluji ya kwanza inapoanguka, hapa gereji tunayapokea magari ya watu waliouziwa maneno hayo hayo.

Naomba nilikalie jambo hili kwa muda, kwa sababu ndilo linalonichosha kuliko yote. Mfumo wa magurudumu manne hugawa nguvu ya injini, basi. Unasaidia pale unapotaka kuondoka kwenye maegesho yaliyojaa theluji, au kupanda kilima ambacho gari la magurudumu mawili lingebaki likizungusha matairi bure. Ukishaondoa mguu kwenye mafuta na kuuweka kwenye breki, mfumo huo hauna tena la kukusaidia. Kila gari, likiwemo lile dogo uliloliuza, lina breki kwenye magurudumu yote manne, kwa hiyo katika kusimama hukununua chochote cha ziada.

Chukua mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ni kama maili 30. Tukiacha kando muda wa dereva kushtuka na kupeleka mguu kwenye breki, gari kwenye lami kavu husimama ndani ya mita 14 hivi. Kwenye theluji iliyoshindiliwa na magari, ambako mshiko, yaani kipimo cha jinsi tairi linavyoing'ang'ania barabara, huweza kushuka hadi kama 0.2, umbali huo unakaribia mita 50, na kwenye barafu laini yenye mshiko wa 0.1 unakaribia mita 100, yaani urefu wa uwanja wa mpira. Katika hesabu hiyo hamna mahali pa kuandika bei ya gari wala idadi ya magurudumu yanayovuta, na hata uzito haumo, kwa kuwa gari zito hukandamiza barabara zaidi lakini pia huwa na msukumo mkubwa zaidi wa kuendelea mbele, na mambo hayo mawili yanafutana. Kinachobaki ni mwendo wako na mshiko wa tairi.

Kuna hatari nyingine ambayo muuzaji hawezi kukueleza. Gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele humwonya dereva mapema: ukitoka tu nyumbani, tairi linazunguka pale pale, taa ya utelezi inawaka kwenye dashibodi, nawe unajua kwamba leo barabara ni mbaya. Gari lako lilikunyima onyo hilo. Liliondoka kana kwamba chini kuna lami kavu, likakuzoesha mwendo wa siku ya kawaida, na habari za barabara ukazipata mara ya kwanza ulipohitaji kusimama. Ndiyo maana siku ya dhoruba, nikipita barabara kuu ya 94, sishangai kuona magari makubwa na pikapu yakiwa yamelala mtaroni huku gari dogo la mzee mmoja likijipitia zake pole pole.

Na mahali ulipoteleza ndipo hasa panapotelezesha kuliko kwingine. Kwenye makutano magari husimama, yakatoa joto, yakaondoka kwa kuzungusha matairi, na theluji ya hapo huyeyuka kidogo ikaganda tena mpaka ing'ae kama sahani. Jihadhari pia na madaraja, ambayo huganda kabla ya barabara nyingine kwa sababu baridi huyapiga juu na chini. Usidhani kwamba siku ya baridi kali zaidi ndiyo yenye utelezi zaidi, kwa maana barafu iliyo karibu na nyuzi sifuri za Selsiasi, yenye utando wa maji juu yake, ni mbaya kuliko barafu kavu ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Ubaya wa siku ile ya baridi kali ni mwingine: chumvi ya kawaida inayomwagwa barabarani hupoteza nguvu joto likishuka chini ya nyuzi 9 hivi chini ya sifuri, na barafu iliyokuwepo hubaki ilivyo.

Sasa matairi. Mpira wa tairi la kiangazi huanza kuwa mgumu joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi, na katika baridi ya Minnesota huwa kama kipande cha plastiki. Tairi la theluji limetengenezwa kwa mpira unaobaki laini, na juu ya meno yake kuna mikato mingi myembamba, kana kwamba mtu amelichanja kwa wembe, ambayo hufunguka na kung'ata theluji. Angalia ubavuni mwa matairi yako. Ukiona herufi M+S (matope na theluji) peke yake, jua kwamba hizo zinahusu zaidi umbo la meno. Alama unayoitaka ni mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, kwa kuwa tairi lenye alama hiyo limepimwa kwenye theluji. Ujerumani, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, haikubali tena M+S peke yake kuwa tairi la baridi. Quebec, huko Kanada, matairi ya baridi yamekuwa ya lazima kisheria tangu 2008, na sasa kipindi chenyewe ni kuanzia tarehe 1 Desemba hadi tarehe 15 Machi. Ndugu zetu Wakongo walioko huko watakwambia kwamba polisi hamuulizi mtu gari lake linasukumwa na magurudumu mangapi. Minnesota haina sheria kama hiyo, na nadhani ukimya huo ndio unaowapa wauzaji nafasi ya kuropoka. Kwa asiye na uwezo wala mahali pa kuweka seti mbili, yapo matairi ya misimu yote yenye alama ya mlima, ambayo hayafikii yale ya theluji kwenye barafu lakini yanayapita kwa mbali yale ambayo huenda umeyakuta kwenye gari ulilonunua.

Kabla hujaja gereji, chukua sarafu ya senti 25, uisimamishe kati ya meno ya tairi huku kichwa cha Washington kikiwa chini. Jino lisipofika kwenye kichwa hicho, limebaki na chini ya milimita 3 hivi, na tairi hilo, hata kama bado ni halali kwa sheria, kwenye theluji limekwisha. Pima sehemu mbili tatu, ndani na nje, kwa sababu mara nyingi mpira huliwa upande mmoja, na upande huo huwa ni ule usioonekana.

Nije kwa binamu yako. Ushauri wa kupunguza upepo una asili yake: jamaa zetu walioko Oman hupunguza upepo wakiingia kwenye mchanga wa jangwani ili tairi litanuke na lielee, na huko ni akili kabisa. Wewe huendeshi jangwani. Barabara yako ni theluji iliyoshindiliwa juu ya lami, ambapo tairi legevu hujikunja kwenye kona na kuchelewa kuitikia usukani. Isitoshe baridi yenyewe imeshakupunguzia upepo bila kuombwa, kwa kiasi cha psi 1 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi) kwa kila nyuzi 5 au 6 zinazoshuka. Tairi lililojazwa ndani ya gereji yenye joto la nyuzi 20, kisha likalala nje kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, limepoteza psi 7 kufikia asubuhi. Jaza tairi likiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva. Magunia ya mchanga nayo ni dawa ya ugonjwa usio wako. Humfaa mwenye pikapu tupu inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, naye huyaweka juu ya ekseli na kuyafunga yasiruke. Kwenye buti la gari lako, nyuma ya ekseli, yatapunguza uzito wa magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo yanayopinda na ndiyo yenye kazi kubwa zaidi ya kusimamisha gari.

Mumeo hajakosea, ila anazungumzia gari la zamani. Kabla ya kile kifaa cha ABS kuenea, dereva alilazimika kudonoa breki mwenyewe ili magurudumu yasifunge. Kwenye gari lako, ukidonoa unakivuruga. Ikibidi kusimama kwa dharura, kanyaga kwa nguvu, usiachie, acha ingurume, na elekeza usukani pale unapotaka kwenda, kwa kuwa faida kubwa ya kifaa hicho ni kwamba usukani unaendelea kukutii. Juu ya theluji laini huenda hata kikaongeza umbali kidogo. Kwa hiyo anza kupunguza mwendo mapema, na mwachie aliye mbele yako nafasi ya sekunde 8 hadi 10. Mwenye gari la umeme naye ajue kwamba kuondoa tu mguu kwenye pedali kunaweza kuyafunga kidogo magurudumu yanayovuta, kwa sababu mota hugeuka kuwa breki, na kwenye barafu hilo linatosha kulitelezesha.

Wenzetu waliojifunzia udereva kwenye udongo mweusi wa nyanda za Athi, au njia za Maasai Mara wakati wa masika, wana mguu mwepesi na mikono isiyo na papara, na huwa wanaizoea theluji upesi kuliko waliozoea lami ya mjini. Tatizo lao ni moja tu: wakikwama hukanyaga mafuta mpaka gari litoke kwa nguvu. Matopeni wakati mwingine hufaulu. Kwenye theluji, tairi linalozunguka pale pale huiyeyusha na kuisugua mpaka iwe kioo, na gari huzidi kuzama. Uswidi na Norwei humlazimisha mwanafunzi apite kwenye uwanja wa utelezi kabla ya kupewa leseni; hapa hakuna anayekulazimisha, basi tafuta uwanja mtupu wa kuegeshea siku ya theluji, kwa idhini ya wenyewe, uende kwa maili 15 na ukanyage breki kwa nguvu zako zote mara tano au sita, mpaka ule mngurumo uache kukutisha.

La mwisho linawahusu wasomaji wote, kwa maana msimu huu nimekwisha kuona mengi. Wapo wanaouza matairi mawili tu ya theluji, wakidai kwamba yakifungwa mbele yanatosha kwa kuwa ndiko kunakovuta. Gari la namna hiyo mbele hushika na nyuma huachia, na kwenye kona dereva hujikuta ameelekea alikotoka. Matairi ya theluji hufungwa manne, au hayafungwi kabisa. Wapo pia wanaouza yaliyotumika, yamepakwa dawa ya kung'arisha, meno marefu ya kupendeza, wakisema ni kama mapya. Mwezi uliopita mteja mmoja aliniletea seti ya hivyo, amelipia pesa taslimu kwenye maegesho ya duka bila risiti, na nilipobonyeza ukucha kwenye jino la tairi haukuacha hata alama. Tafuteni ubavuni, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 3512 ni wiki ya 35 ya mwaka 2012. Wakati mwingine tarakimu hizo ziko upande wa ndani tu. Muuzaji akikataa kuligeuza tairi mlione, mwachieni matairi yake.