Seti ya ELISA ya binadamu kwa damu ya nguruwe? Soma kwanza yaliyonikuta

Mdau kauliza kama anaweza kutumia seti ya ELISA (kipimo cha kwenye pleti, kingamwili zinanasa protini halafu rangi inatokea) ya intafaroni gama (protini ambayo seli za kinga zinatoa kupeana taarifa) ya binadamu kupima nguruwe, kwa sababu ya nguruwe ni ghali na inachukua miezi kufika. Mkuu, usithubutu kuwekea sampuli zako za maana. Mimi nilishafanya huo ujinga.

Nilikuwa nasoma masters, kazi yangu ni nguruwe wenye tegu. Maabara ya jirani walikuwa wanafanya TB ya watu, wakawa na seti imebaki kidogo iexpaya, wakanipa bure, nikaona Mungu si Athumani. Nikapanga sampuli zangu zote kwenye pleti, nikaosha weee, nikaweka ile dawa ya rangi, nikakaa nachungulia. Vishimo vya standadi (protini ya kiasi kinachojulikana, inakuja na seti) vikapiga bluu safi, kutoka iliyokolea mpaka iliyopauka, kavu (mstari wa grafu yake) inapendeza hadi nikapiga picha. Vya nguruwe vyote vyeupe kama maji. Nikamwandikia supavaiza kwamba nguruwe wa tegu kinga yao imelala kabisaa.

Akanijibu swali moja tu, je umeweka seli za nguruwe ulizozilazimisha kutoa intafaroni? Sikuwa nazo. Nikachukua damu ya nguruwe mzima machinjioni, nikatenga seli nyeupe, nikazichochea na kemikali mbili, PMA na ayonomaisini, hapo seli haina ujanja lazima iteme. Nikapima yale maji yake. Nyeupe vilevile! Kumbe kingamwili za kwenye seti ndo zilikuwa hazimuoni nguruwe, na ile kavu nzuri ilinidanganya kwa sababu standadi ya kwenye seti ni protini ya binadamu, lazima itakubali hata kama sampuli zako ni chai.

Shida ni kwamba intafaroni gama inabadilika sana kati ya mnyama na mnyama, ya mtu na ya panya zinafanana kama 40% tu. Ila usikariri pia kwamba cha binadamu hakifai kwa nguruwe, kwa sababu kuna kingamwili inaitwa MAb11, ni ya TNF ya binadamu na inashika ya nguruwe, SCPL1362 ya IL-17A hivyohivyo (TNF na IL-17A nazo ni protini za kinga kama intafaroni). Kwa hiyo usiulize "ni ya mnyama gani", uliza jina la kloni (yaani kingamwili yenyewe ni ipi, kama hiyo MAb11). Intafaroni gama ya nguruwe watu wengi wanatumia P2G10, na CC302 iliyotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe nayo inashika. Lakini hizo nazitaja kwa kazi ya flo (flow cytometry, mashine ya leza inayosoma seli mojamoja zilizopakwa kingamwili zenye rangi), kwa ELISA nunua jozi, ya kunasa na ya kuonyesha, iliyokwisha kupimwa pamoja, ukiokoteza moja huku moja kule unaweza kukuta zote mbili zinagombania sehemu ileile ya protini.

Kwenye flo sasa kuna mtego mwingine. CD4 na CD8 ni alama za juu ya seli za kinga. CD4 utatumia kloni 74-12-4, CD8 utatumia 76-2-11, na zote zimetoka kwa panya, sasa ukiweka kingamwili ya pili (yenye rangi, inayoshika ile ya kwanza) ya "dhidi ya panya" ya jumla inazishika zote mbili na picha inakuwa uji. Au nunua zilizounganishwa rangi tayari, au tumia ya pili inayotofautisha aina za kingamwili, IgG2b (hiyo ya CD4) na IgG2a (hiyo ya CD8). Na ukiona seli zenye CD4 na CD8 kwa pamoja usianze kuhangaika na kompensesheni (kurekebisha rangi zinazoingiliana), mimi nilipoteza wiki nzima hapo, nguruwe ndivyo walivyo, wanazo nyingi tu kwenye damu na zinaongezeka kadiri anavyozeeka.

Vitu vidogo: kingamwili yenye rangi ya PE usigandishe, weka friji ya kawaida kwenye giza. Isiyo na rangi gawa kwenye vichupa vidogo siku ileile inapofika, maana umeme wetu unaujua, ikigandishwa na kuyeyuka mara tatu nne imekwisha. Na kama unataka kutumia kingamwili kuzuia saitokaini (hizo protini za kinga kama intafaroni) kwenye seli hai, hakikisha haina azaidi (kihifadhi chenye sumu), la sivyo utaua seli halafu useme kingamwili imefanya kazi.

Agiza kichupa kidogo kuliko vyote, jaribu kwa seli zilizochochewa na zisizochochewa za nguruwe mmoja, brefeldini (dawa inayozuia seli isiteme protini nje) iweke kwenye masaa manne ya mwisho. Halafu mashine yenu ya flo ina leza ngapi? Ukiniambia ntakwambia rangi zipi uchukue.