Amplifaya ya kwanza kwenye gari: angalia fyuzi kabla ya kuangalia wati

Mkuu, umesema una IST, umeshafunga spika mpya za inchi 6.5 milangoni, unataka kuongeza sabufa moja ya inchi 12, na duka moja hapa Arusha wamekuwekea mezani amplifaya iliyoandikwa wati 3,000 kwa bei ambayo hata wewe imekushtua ilivyo ndogo. Unauliza uichukue au uongeze hela utafute nyingine. Kuna chalii hapo juu amekwambia "beba tu, wati nyingi haziozi". Mimi ziliwahi kuniozea, kwa hiyo nivumilie niandike kirefu kidogo.

Kama una haraka: usiichukue. Tafuta amplifaya ya chaneli nne (njia nne za kutoa sauti) yenye wati 60 hadi 80 za RMS, yaani za kudumu, siyo za kilele, kwa kila chaneli. Spika za milangoni zipe chaneli mbili za mbele, zile mbili za nyuma uziunganishe ziwe moja ziendeshe sabufa. Kwa gari ya kwanza na muziki wa kwanza, hapo umemaliza.

Yangu ya kwanza ilikuwa ya wati 2,000. Nilikuwa na Carina, naishi Sakina, na ilikuwa Desemba ile watu wote wanapanda uchagani. Nilitaka nifike Marangu nikisikika tangu barabarani. Fundi alifunga jioni moja, harakaharaka, na mimi nikalipa nikiwa nachekacheka kwa sababu besi ilikuwa inatikisa namba ya gari. Asubuhi tukaondoka. Tulipofika Kikatiti taa nyekundu ya amplifaya ikawaka, sabufa ikanyamaza. Nikazima redio, nikawasha, ikarudi. Karibu na njiapanda ya KIA ikazima tena. Bomang'ombe nikasimama, nikafungua buti: amplifaya huwezi kuiwekea kiganja kwa moto, na ule waya mwekundu umelainika kama pipi iliyoachwa juani. Mke wangu alisema harufu anaisikia tangu Usa River ila alidhani ni lori la mbele. Safari iliyobaki tulisikiliza injini.

Kesho yake shemeji akanipeleka Majengo, Moshi, kwa fundi mmoja wa makamo ya baba yangu, watu wanamwita Meku tu. Hata redio hakuiwasha. Aliigeuza amplifaya, akatazama ubavuni penye fyuzi, akaniuliza wameniambia ni wati ngapi. Nikasema elfu mbili. Akasema, "Fyuzi yenyewe ishirini. Sasa hizo elfu mbili zinapitia wapi, dirishani?"

Hesabu aliyonipigia siku ile naitumia mpaka leo. Umeme unaoingia kwenye amplifaya ni volti za gari ukizidisha kwa ampea. Gari ikiwa inaunguruma altaneta inatoa kama volti 14. Fyuzi ya ampea 20 inaruhusu mara 14, yaani wati 280 zinazoingia. Na siyo zote zinazotoka kwenye spika. Amplifaya za daraja la AB hupoteza karibu nusu kuwa joto, ndiyo maana yangu ilikuwa inaiva. Za daraja la D hupoteza kidogo, nyingi zinatoa kama asilimia 80. Kwa hiyo ile "elfu mbili" yangu ya AB ilikuwa na wati 140 hivi za kweli, na chaneli zote umeshazijumlisha.

Sasa chukua hiyo ya kwako ya 3,000. Hata tuifanyie huruma tuseme ni daraja la D. Ili itoe wati 3,000 lazima iingize kama 3,750, gawa kwa 14 unapata ampea 260 na ushee. Altaneta ya gari ndogo kama IST aghalabu haifiki hata ampea 100, na hapohapo inalisha taa, feni, injini na kuchaji betri. Ukiona imeandikwa 3,000 na pembeni ina fyuzi mbili za 20, jibu unalo mkononi. Ila angalizo: fyuzi inakwambia kiwango ambacho amplifaya haiwezi kuvuka, haikuhakikishii kwamba inakifikia. Wapo wanaochomeka fyuzi kubwa kwa ajili ya kuuza sura. Kwa hiyo ukishapiga hesabu ya fyuzi, omba kitabu chake usome mstari wa RMS. Mtengenezaji mwaminifu ataandika wati za RMS kwa omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika), kwa volti 14.4, na upotoshaji wa sauti usiozidi asilimia 1. Huo ndio upimaji wa kiwango cha Marekani kinachoitwa CTA-2006, zamani CEA-2006. Ukiona neno "MAX" peke yake kwenye boksi, RMS hakuna popote, rudisha kwenye rafu na umshukuru muuzaji.

Usiogope namba kuonekana ndogo. Redio yako imeandikwa 50 x 4, siyo? Hiyo 50 ni ya kilele. Za kudumu ni kama 15 hadi 20 kwa kila spika. Ukizipa spika zako wati 60 za kweli utashangaa mwenyewe. Na kutoka 75 kwenda 100 sikio lako halitaona tofauti ya maana, kwa sababu hata ukiongeza wati mara mbili sauti inapanda desibeli 3 tu. Watu wanabishana vijiweni juu ya wati 25 ambazo hakuna anayezisikia.

Hapa kwenye sabufa ndipo nataka utulie, maana umeandika kwamba unayoitaka ni ya koili mbili, omu 4 kila koili. Amplifaya nyingi za chaneli nne zinakubali omu 2 kwa chaneli mojamoja, lakini ukiunganisha mbili kuwa moja zinataka zisione chini ya omu 4. Sabufa ya koili mbili za omu 4 ukiziunganisha sambamba unapata omu 2, amplifaya itaiva na kujizima kama yangu. Ukiziunganisha kwa mfuatano unapata omu 8, haitaungua lakini utapata karibu nusu ya nguvu uliyolipia. Kwa vyovyote huipati 4. Kama bado hujailipia, chukua ya koili moja ya omu 4, au ya koili mbili za omu 2 uziunganishe kwa mfuatano, zitakuwa 4 kamili. Ni kosa ambalo nimeliona kwa watu wengi kuliko yote, kwa sababu sabufa na amplifaya vinanunuliwa siku tofauti, maduka tofauti, na hakuna anayeuliza kimojawapo kinataka nini. Kama umeshainunua na duka halibadilishi, basi mpango unabadilika: chukua monobloku, yaani amplifaya ya chaneli moja, ndogo ya daraja la D inayokubali omu 2 kwa ajili ya sabufa, na milango iendelee na redio mpaka upate hela nyingine. Monobloku usiifunge kwenye spika za milango. Imetengenezwa kwa besi tu.

Waya. Hapa ndipo hela yangu ya kwanza ilipofia, siyo kwenye amplifaya peke yake. Waya niliowekewa ulikuwa mnene kwa nje, lakini Meku alipoukata kwa kisu ndani kulikuwa na nyuzi chache, na ukizikwangua rangi nyekundu inatoka unaona rangi ya fedha. Ni alumini iliyopakwa shaba. Siyo haramu, ila haipitishi umeme kama shaba tupu, kwa hiyo lazima uende unene mmoja juu. Kwa amplifaya yenye fyuzi za jumla ya ampea 40 hadi 60, mimi naweka geji 4 na silali nikiwaza. Dukani beba kisu au wembe, muombe muuzaji akukatie sentimita moja mwishoni. Akikataa, nenda duka la pili.

Kisha fyuzi ya waya mkuu ikae karibu na betri, isizidi kama sentimita 45 kutoka kwenye nguzo ya betri. Mafundi wengine wanaiweka kule buti karibu na amplifaya kwa sababu ni rahisi kuifikia. Hapo inalinda nini? Waya unapita kwenye tundu la bati pale injini inapotenganishwa na dashibodi. Bati likiukwangua ukagusa bodi, kipande chote cha kutoka betri mpaka kwenye bati kinawaka na fyuzi iko nyuma haina habari. Na pale penye tundu weka raba. Ni kitu cha bei ya chapati mbili.

Ethi iwe fupi, unene uleule wa waya mwekundu, na ikae kwenye bati la bodi lililopigwa msasa mpaka ling'ae. Yangu fundi aliibana kwenye bolti ya mkanda wa siti, juu ya rangi. Matokeo yake ni ule mlio wa "wiiii" unaopanda ukikanyaga mafuta. Nusu ya malalamiko ya mlio huo ninayokutana nayo ni ethi. Nusu nyingine ni waya za RCA, zile zinazopeleka sauti kutoka redio hadi amplifaya, zilizofungwa pamoja na waya wa umeme. Zipitishe upande mwingine wa gari.

Nakumbuka pia fundi yuleyule wa Arusha alitaka kupiga skrubu chini ya siti ya nyuma aifunge amplifaya hapo. Kwa gari nyingi ndogo tangi la mafuta liko hapohapo chini. Simama umwangalie fundi anapotoboa, hata kama amekukasirikia.

Kwenye redio: ukibaki na ile iliyokuja na gari kutoka Japani, kwanza unajua kero yake, FM ya kule inaanzia 76 na za zamani zinaishia 90, kwa hiyo stesheni nyingi za kwetu huzipati bila kile kibadilishi cha masafa. Pili, mara nyingi haina matundu ya RCA. Siyo lazima uibadilishe. Tafuta amplifaya inayopokea waya za spika moja kwa moja, zipo nyingi, hakikisha tu kabla ya kulipa. Ukinunua redio mpya, waya wa rimoti wa kuamsha amplifaya huwa ni wa bluu wenye mstari mweupe. Yule wa bluu tupu kwa kawaida ni wa antena, usiwachanganye, utajikuta sabufa inalia ukiwa FM tu.

Ukishafunga, kile kitufe cha geini siyo cha sauti. Yangu kilikuwa kimezungushwa mpaka mwisho, fundi akaniambia "nimekufungulia yote". Kazi yake ni kulinganisha redio na amplifaya. Ukikizidisha, vichwa vya mawimbi ya sauti vinakatwa, spika inapata joto badala ya muziki, na twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, ndizo zinazotangulia kufa. Chomoa spika, weka sauti ya majaribio ya hezi 50 kwa sabufa, au hezi 1,000 kwa milango, redio iwe robo tatu ya sauti yake, besi na trebo sifuri. Weka mita ya umeme kwenye volti za AC, ncha zake uziguse kwenye matundu ya spika ya amplifaya, kisha pandisha geini taratibu. Volti unayoitafuta ni kipeuo cha pili cha wati mara omu: kwa wati 75 na omu 4 ni kama volti 17.3, kwa sabufa ya wati 200 na omu 4 ni kama 28.3. Ukifika hapo acha. Krosova, ile inayogawa besi na sauti za juu, weka hezi 80 pande zote mbili, milango ipewe juu ya hapo na sabufa chini ya hapo. Baadaye utacheza nazo kwa sikio.

Mahali pa kuiweka, mimi kwenye IST ningeibana kwenye ubao uliosimama nyuma ya siti, siyo juu ya boksi la sabufa. Boksi linatetemeka, na nati za ndani ya amplifaya hazipendi. Isiwe sakafuni pia. Vijana wa kuosha magari wanamwaga maji ndani bila kuuliza, na kama unapita Ngaramtoni wakati wa kiangazi unajua vumbi lile linaingia hata pasipo na tundu.

Kuhusu swali lako la mwisho, betri. Kwa wati 300 hivi za kweli, betri yako ikiwa nzima inatosha. Usinunue kapasita (kile kihifadhi umeme cha ziada), na usikubali kubadilishiwa altaneta. Ila ukisikiliza muziki gari imezimwa, na nakujua utafanya hivyo pale nje ya harusi, washa injini kila baada ya muda, au uwe na marafiki wa kukusukuma.

Kabla hujalipa chochote, piga picha ubavu wa hiyo amplifaya, upande wenye fyuzi, na ukurasa wa RMS kama una kitabu, uweke hapa. Na utuambie hiyo sabufa kama umeshailipia, maana hapo ndipo jibu langu linapogeuka.