Meno nimeng'oa Dodoma, kodi Marekani

SWALI: Shikamoo dada, mume wangu yuko kazini Marekani, ana akaunti ya akiba ya matibabu wanaiita HSA, katoa hela humo kanilipia meno huku Area C, sasa kwenye ritani ya kodi aandike au aache?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Aandike jamani, asiache! Benki inamletea fomu 1099-SA yenye jumla aliyotoa, ila matumizi anaeleza mwenyewe kwenye fomu 8889, anaiambatanisha na 1040, ndiyo ritani yenyewe. Meno ya mke yanakubalika hata ukitibiwa huku, hakatwi kodi. Akichomoa hela ya kununulia mabati hiyo ni kipato, na kama hajafika miaka 65 anaongezewa kodi ya 20% juu ya hela hiyo. Risiti haitumwi ila itunzwe, kaiombe kliniki leo leo, iwe na jina lako, tarehe na tiba.